Moja Kushoto, Moja Kulia

Barua ya kumsimamisha kazi Nesi Sada ilikuwa na adabu kupita kiasi. Ilianza kwa kumshukuru kwa mchango wake wa miaka sita, ikamjulisha kwa masikitiko kwamba kuanzia siku hiyo haruhusiwi kumgusa mtoto wa mtu, kisha ikamtakia siku njema. Yote hayo kwa Kiingereza. Mlinzi wa Mradi wa chanjo uliomwajiri nesi huyo, aliyeileta kwa bodaboda kutoka Masoko mpaka Kivinje, alimtaka Sada atie sahihi kwenye daftari kuonyesha kwamba ameipokea. Halafu akabaki amesimama, anatazama viatu vyake.

"Bado nini?" Sada akamwuliza.

"Koti, mama. Nimeambiwa nirudi nalo. Ni mali ya Mradi."

"Hapa barazani?"

"Nisamehe, mama. Nimetumwa tu."

Sada akalivua koti lake jeupe palepale, mbele ya wanawake wawili waliokuja kuchukua nguo zao kwa mumewe. Ndani alikuwa amevaa gauni lililofumuka kwapani, gauni ambalo mtu hulivaa kwa sababu anajua koti litakuwa juu yake. Akalikunja koti mikono ndani, akatoa kalamu na tepu ya kupimia mkono wa mtoto mfukoni, akamkabidhi mlinzi. Wale wanawake wakajifanya wanakagua mapindo ya nguo zao. Fundi Kibwana, mumewe, alikuwa kwenye cherehani hatua tatu kutoka hapo, na mguu wake ulikuwa umeganda kwenye pedeli.

Hafsa, binti yao wa kidato cha pili, ndiye aliyeisoma barua aliporudi kutoka shule. Nyumbani humo bingwa wa Kiingereza alikuwa yeye. Sada alikijua Kiingereza cha chupa za dawa na kadi za kliniki, Kibwana alikijua cha lebo za nguo, na baada ya hapo kila kitu kilipelekwa kwa Hafsa.

"Wanasema umempiga mtoto, mama."

"Mtoto gani?"

"Benjamin wa Mitole. Tarehe kumi na mbili. Wanasema umempiga mapaja yote mawili, akalia, halafu ukampiga picha akiwa analia."

"Ni kweli," Sada akasema. "Si chanjo yake ya wiki ya kumi? Sasa wanalalamika nini?"

Hafsa alikuwa ameitazama barua tena, na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Mama," akasema polepole, "ile ripoti. Ile niliyokuandikia."

*

Ripoti yenyewe ilikuja hivi. Mradi ulikuwa umetoa amri mpya kwamba kila mwezi kila nesi aandike hadithi moja ya mafanikio, kwa Kiingereza, sentensi kamili, na picha juu. Takwimu hazitoshi, walisema. Wafadhili wanataka kumjua mtoto. Waliotoa amri hiyo hawakujiuliza nesi anayezunguka na boksi la chanjo vijiji vinne kwa wiki atakitoa wapi Kiingereza cha hadithi. Kwao amri ikishapigwa chapa, imetekelezwa.

Siku hiyo Sada alikuwa uani anapaa samaki, mikono imejaa magamba, na Hafsa amekaa kwenye kibao na daftari mapajani. Sada akawa anasema, Hafsa anageuza na kuandika. Mama ametoka mbali. Mtoto alizaliwa na uzito mdogo, sasa anaongezeka. Halafu Sada akasema kama anavyosema nesi yeyote wa pwani hii, bila hata kulitaja neno sindano, maana nani asiyejua?

"Andika: nikampiga moja paja la kushoto, moja la kulia. Akalia sana. Nikapiga picha."

Hafsa akaandika: "I beat him, one on the left thigh and one on the right thigh. He cried very much. I took a photo."

Kupiga ni "beat". Hilo alilijua tangu darasa la tatu, kwenye picha ya mtu anayepiga ngoma. Siku nyingine Sada husema kuchoma badala ya kupiga. Angesema kuchoma siku ile, Hafsa angeandika kwamba mama yake amemwunguza mtoto kwa moto, na sasa hivi wangekuwa wanampelekea chakula mahabusu.

Lakini lililomwangamiza Sada hasa ni ile picha. Hafsa angeandika kwamba mama amei-"beat" picha, mtu yeyote huko Ulaya angecheka, akajua kuna neno limepotea njia. Bahati mbaya picha aliiandika sawasawa. Mwalimu Gregori, anayewafundisha Kiingereza, alikuwa amewapa wiki ileile orodha ya vitenzi na nomino zake. Akawaambia kwamba maneno ya Kiingereza yana ndoa zake, na mwanafunzi asiozeshe ovyo. Huyu "take" ana wake wengi, aliwaambia: ameoa "a photo", ameoa "a seat", ameoa "a bath". Huyu "make" ameoa "a mistake", ndiyo kukosea, kama mtu anavyokosea hesabu. Huyu "do" ameoa "homework". Na huyu "commit" msimsogelee, maana yeye huoa kwenye ukoo mmoja tu, ukoo wa wahalifu: "a crime", "a murder", "an offence". Darasa lilicheka, na Hafsa akaandika yote. Sindano haikuwamo kwenye orodha.

Kwa hiyo aliyesoma ripoti ile mbali huko alikuta Kiingereza kizuri cha mtu anayejua anachosema: nimempiga kushoto, nimempiga kulia, amelia sana, nimechukua picha. Na picha ipo, mtoto amefumba macho, kinywa wazi mpaka kilimi kinaonekana.

*

Kesho yake Sada alikuwa ofisi ya Mradi, Masoko, saa mbili asubuhi. Walimweka kwenye benchi la nje mpaka saa tano. Ukutani mbele yake palikuwa na kalenda ya Mradi ya mwaka huo, na nesi anayepima mtoto uzito kwenye kalenda hiyo alikuwa ni yeye Sada. Mtu alikuwa amebandika ratiba ya magari juu ya uso wake. Mtoto alionekana, mzani ulionekana, mikono ya Sada ilionekana. Akaitazama ratiba hiyo saa tatu nzima.

Bwana Damiani, mratibu, alitoka mwenyewe kumwita. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na ushei, mpole, aliyependa kila jambo liishe bila kelele.

"Shikamoo, Mama Hafsa."

"Marahaba. Baba, hili jambo wewe unalijua. Wewe mwenyewe umepigwa sindano utotoni."

"Nalijua," Damiani akasema, akafunga mlango. "Mimi najua, na wewe unajua. Lakini faili halijui."

Akalifungua faili. Kulikuwa na ripoti, kulikuwa na picha, na kulikuwa na fomu ambayo Sada hakuwahi kuiona. Siku tano kabla, ofisi ya Dar es Salaam ilimtuma kijana na kishikwambi mpaka Mitole kumhoji mama wa mtoto. Fomu ilikuwa na swali moja la maana, lililokwisha kuchapwa: Je, mhudumu alimpiga mtoto wako? Ndiyo au Hapana. Alama ilikuwa kwenye Ndiyo. Chini yake mama alikuwa ameongeza maneno, na kijana yule, mwaminifu kwa kazi yake, aliyaandika yote: Ndiyo, alimpiga. Vizuri kabisa. Mara mbili, huku na huku.

Sada akacheka. Akacheka peke yake, kisha akanyamaza alipomwona Damiani hacheki.

"Huyu kijana si Mswahili?"

"Ni Mswahili. Lakini alitumwa kuweka alama." Damiani akatoa karatasi nyingine, lugha mbili, Kiswahili juu, Kiingereza chini. "Sikiliza, mama yangu. Hii ndiyo njia ya kulimaliza. Hapa unakiri umefanya kosa. Basi. Unakwenda semina Lindi wiki mbili, unarudi, unapewa koti lako."

"Semina ya nini?"

Damiani akakohoa. "Ya namna ya kumpenda mtoto."

Sada alikuwa amewazalisha wanawake wa Kivinje wasio na idadi. Wengine kati ya watoto hao sasa walikuwa na ndevu. Alikaa akimtazama Damiani mpaka yule akaanza kupanga kalamu zake.

"Ni kosa tu, Mama Hafsa. Kila mtu hufanya kosa. Ijumaa bosi wa makao makuu atakuwa kwenye kompyuta, tutaongea naye ana kwa ana. Ukiwa umeshatia sahihi, dakika tano tumemaliza. Usipotia, mimi mikono yangu imefungwa. Linakwenda kwa wanaotoa leseni, pengine polisi."

"Hii karatasi naondoka nayo."

"Kaisome. Lakini kumbuka, inayohesabika ni ile ya Kiingereza."

*

Habari huko Kivinje ilishafika kabla yake. Dukani, mwanamke mmoja aliyempisha kwenye foleni juzi tu, leo alimvuta mwanawe nyuma ya kanga Sada alipoingia. Labda hata mwenyewe hakujijua kwamba amefanya hivyo. Sada akanunua chumvi, akatoka, na njia nzima mpaka nyumbani alihisi uso unamwaka.

"Tia sahihi," Kibwana akasema jioni. Alikuwa anapiga pasi suruali ya mteja na hakuinua kichwa. "Kosa ni kosa. Mimi nikikata kitambaa vibaya namwambia mteja nimekosea, nalipa, tunaendelea. Utaacha kazi kwa ajili ya maneno?"

"Kitambaa hakina mama, Baba Hafsa."

"Na nyumba hii itakula nini? Heshima?"

"Ilikula nini kabla ya Mradi?"

Hafsa alikuwa ameichukua karatasi. Tangu barua ile ifike alikuwa hali vizuri, na macho yake yalikuwa mekundu. Akasoma Kiswahili cha juu: Nakiri kwamba nilifanya kosa kuhusiana na mtoto aliyetajwa. Akasoma Kiingereza cha chini. Akakimbilia ndani, akarudi na daftari lake la Mwalimu Gregori, akafungua, akaweka kidole, akaisoma tena karatasi.

"Mama, usitie."

"Kuna nini?"

"Juu wameandika kosa. Sisi kosa ni lolote. Nikikosea hesabu ni kosa, mtu akiiba ni kosa. Lakini wenzetu wana mawili. Kukosea tu ni 'a mistake', na wangeandika 'made'. Hapa hawakuandika 'made'. Wameandika 'committed an offence'. Huyu 'commit' haoi kwenye makosa madogo, mama. Ni wa wauaji. Karatasi inasema wewe umetenda uhalifu kwa mtoto."

Kibwana akainua pasi. Akaisimamisha pembeni, akaja kuitazama karatasi, ingawa Kiingereza chake hakujua kukisoma.

"Damiani anajua hilo?" akauliza.

"Anajua au hajui, yote mabaya," Sada akasema.

Hapo Hafsa akaangua kilio. Alilia kwa sauti, kama mtoto mdogo, akasema ni yeye, kila kitu ni yeye, Ijumaa atakwenda kuwaambia kwamba aliyeandika ni yeye na wamwandikie yeye hiyo "commit". Sada akamshika mabega yote mawili.

"Hutasema kitu. Habari za mtoto wa watu nilikupa mimi, na sheria ya kazi inasema nisimpe mtu. Hilo langu. Wewe ulifanya nilichokutuma." Halafu akaongeza, "Na hilo daftari utakuja nalo."

*

Alhamisi akapanda bodaboda mpaka Mitole. Alimkuta Stefania, mama wa Benjamin, anapukuchua mahindi mbele ya nyumba, mtoto amefungwa mgongoni. Stefania alikuwa hajatimiza miaka ishirini na mitano. Alimwamkia shikamoo huku anainuka, akaanza kufungua kanga.

"Usimfungue. Leo sikuja na sindano," Sada akasema. "Wamenifukuza kwa sababu nimempiga mwanao."

Ilimchukua Stefania muda kuelewa, na alipoelewa alikaa chini palepale juu ya magunzi.

"Yule kijana mwenye kioo!" akasema. "Nesi, mimi nilidhani anakukagua. Nilidhani anataka kujua kama huku unafika kweli, au unajaza kadi nyumbani. Akaniuliza, alimpiga? Nikasema moyoni, huyu anataka kumharibia nesi wetu. Nikasema ndiyo! Nikasema alimpiga vizuri kabisa, mara mbili, huku na huku! Ningesema hukumpiga, si ndiyo ingekuwa kukuchongea?"

"Ndivyo ningejibu hata mimi. Kesho nakwenda kujibu mbele yao."

"Na dole nikapiga! Kwenye kile kioo chake, akaniambia weka kidole, nikaweka." Stefania akakitazama kidole chake kwa hasira. "Kesho hao watu wako wapi?"

"Masoko. Saa nne."

"Mimi nitafika saa tatu," Stefania akasema.

*

Ofisini walikaa watatu upande mmoja wa meza: Sada katikati, gauni limeshonwa kwapa na mumewe alfajiri hiyo, Hafsa kulia kwake na daftari, Stefania kushoto na mtoto mapajani. Damiani alikuwa peke yake upande wa pili, kompyuta imegeuzwa ili wote waione. Hakuwa amewatarajia hao wawili. Kwenye kioo kulikuwa na mwanamke wa kizungu mwenye miwani, na nyuma yake kabati la vitabu. Akawasalimu kwa Kiswahili, jambo jema, na likaishia hapo.

Akasema maneno mengi. Damiani akayafupisha: "Anasema anajua hii ni siku ngumu kwako. Anauliza kama umetia sahihi."

"Mwambie sikutia, na sitatia."

Damiani akaongea na kompyuta, sauti ya chini, sentensi ndefu. Yule mwanamke akatikisa kichwa kwa huruma. Hafsa akanyanyua mkono kama yuko darasani.

"Hajasema hivyo," akasema. "Mama, amemwambia unaomba muda zaidi."

Damiani akatazama meza.

"Mwambie kama nilivyosema," Sada akasema. "Na kuanzia hapa mwanangu anasikiliza."

Damiani akasema kama alivyoambiwa. Uso wa kwenye kioo ukabadilika.

"Sasa nitafsirie mambo madogo," Sada akaendelea. "Taratibu, asikie. Mwambie: nimekupigia simu."

Damiani akasema.

"Mume wangu anapiga pasi."

Akasema.

"Asubuhi nimepiga mswaki. Nimepiga deki. Njiani nimepigwa na jua. Juzi nimepiga hodi hapa kwako ukanikalisha benchi saa tatu. Nimempiga mtoto picha." Alikuwa anahesabu kwa vidole, na sauti yake ilikuwa inapanda. "Nimempiga mtoto sindano. Sema hilo mara mbili."

Damiani aliyasema yote, moja baada ya jingine, na kila moja lilimdai kitenzi kingine. Kijasho kilimtoka juu ya mdomo. Alipofika kwenye sindano yule mwanamke akamkatiza kwa swali.

"Anauliza," Hafsa akasema kabla ya Damiani, "kama kwa Kiswahili yote hayo ni neno moja."

"Neno moja!" Stefania akasema. "Hata mimi wa shamba najua."

Mwanamke yule alikuwa amechukua karatasi, akaisoma, midomo inamcheza. Ilikuwa ripoti. Akaisoma mara ya pili, safari hii amevua miwani. Aliyekuwa hapo angeweza kumwonea huruma kidogo, maana si rahisi mtu kujiona mjinga mbele ya watu wanne na mtoto. Sada hakumwonea. Alikuwa anafikiria gauni lake lililofumuka kwapani, na yule mwanamke wa dukani na kanga yake.

Lakini yule wa kwenye kioo hakuwa mjinga kabisa. Akauliza swali moja zaidi, na Damiani akalitafsiri bila furaha.

"Anauliza hiki Kiingereza nani alikiandika."

Hafsa akafungua mdomo. Sada akamkanyaga mguu chini ya meza.

"Nilimsimulia mwanangu habari za mtoto huyu, na yeye akaniandikia," akasema. "Sheria mnayo, na nilitia sahihi kwamba naijua. Nilikosea. Hilo niandikieni nitalitia sahihi leo, na onyo nitalipokea. Lakini mkitaka hadithi za Kiingereza, leteni mtu wa kuziandika. Mimi mlininunua mkono wa sindano. Nikiandika tena nitaandika kwa Kiswahili, na neno nitalitumia lilelile. Na hiyo karatasi yenu ya uhalifu naomba ichanwe nikiwa naona."

Damiani akasita.

"Litafsiri," Hafsa akamwambia. "Lote."

Alilitafsiri lote. Mazungumzo yakaendelea kwa Kiingereza kwa muda, Hafsa ameinama mbele, anashika maneno mawili, anaacha moja. Mwishowe mwanamke yule akaweka mkono kifuani na kusema jambo ambalo halikuhitaji mkalimani. Mengine Damiani akayatafsiri: malalamiko yataondolewa. Faili litaandikwa kwamba ni tafsiri iliyopotoka. Barua ya kumrudisha itakuja wiki ijayo, baada ya kikao. Mkataba wake unaisha Desemba, na kuhusu huo hawezi kuahidi kitu.

"Desemba tutaonana nayo Desemba," Sada akasema.

Damiani akaichana ile karatasi vipande vinne. Akachapa nyingine, ya onyo, akaisukuma mezani. Sada hakuigusa. Akaisogeza kwa Hafsa. Hafsa akaisoma kidole chini ya kila neno, akafungua daftari, akalifunga.

"Hapa wameandika 'made a mistake'," akasema. "Hii ni ya kukosea, mama. Tia."

Sada akatia sahihi yake yote, jina lake na la baba yake.

Ikabaki ile fomu ya Mitole. Ili alama itoke kwenye Ndiyo, Damiani alisema, mama wa mtoto lazima athibitishe maelezo mapya. Akayaandika kwa mkono, kwa Kiswahili, akayasoma kwa sauti: nesi alimpiga mwanangu sindano mbili za chanjo. Akatoa kidau cha wino.

"Piga dole hapa, dada."

Stefania akaurudisha mkono nyuma. "Nifanye nini?"

"Upige dole."

"Na huko kwao mtaandika nimekifanya nini hiki kidole? Maana juzi nilisema ndiyo, mkasikia mengine."

Damiani akamtazama Hafsa. Hafsa akapekua daftari, ukurasa hata ukurasa. Mwalimu Gregori hakuwa amemwozesha dole gumba kwa mtu yeyote.

"Halimo," akasema.

"Basi liandikeni kama lilivyo," Stefania akasema. Alihitaji mikono yote miwili, mmoja wa kushika karatasi, mmoja wa kupigia. Akamnyanyua Benjamin mapajani. "Shika, nesi."

Damiani akainuka nusu. Barua ya kumrudisha ilikuwa bado haijaandikwa. Iliyokuwa inatawala ni ile ya kwanza, yenye adabu, iliyosema asimguse mtoto wa mtu. Yule wa kwenye kioo naye alisogea karibu na kamera. Sada akanyoosha mikono, akampokea Benjamin, akamkalisha kwenye kiwiko kama alivyowapokea wote waliomtangulia. Mtoto alikuwa mzito. Kilo tano na nusu, akakisia, na robo juu yake. Stefania akachovya dole gumba kwenye wino, akalipiga kwenye karatasi, na kwa kuwa hakuamini kwamba moja linatosha kwa watu hawa, akapiga la pili upande wa kulia.

Kompyuta ikauliza kitu, haraka haraka.

"Anauliza kuna nini," Damiani akasema kwa sauti ndogo.

"Mwambie nimemshika mtoto wa mtu," Sada akasema. "Hilo litafsiri neno kwa neno."